Mashudu ya Alizeti na Ng'ombe wa Maziwa



Katika nchi za baridi ng'ombe wa maziwa hulishwa mashudu ya kanola. Mkulima wa Kumsenga hana haja ya kuyatafuta: alizeti ikishakamuliwa mafuta, mashudu yake hufanya kazi iyo hiyo. Kiangazi majani hukauka na protini hupungua. Ng'ombe hujaza tumbo, lakini maziwa hukatika. Kilo 1 ya mashudu kwa siku, pamoja na pumba za mahindi na maji ya kutosha, husaidia sana.

Hatari imo ghalani. Mwaka 1960, huko Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kula mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Ng'ombe aweza kula chakula cha namna hiyo asife, ila sumukuvu hupenya hadi katika maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Maziwa hayo hunywewa na watoto.

Kwa hiyo katibu apokeapo magunia na ayafungue kwanza, kisha ayapange juu ya vichanja, mbali na ukuta. Mashudu yaliyolowa na kuvunda, hata yakianikwa tena, yasigawiwe wala yasiuzwe kwa bei ya chini. Hasara hiyo na ibebwe na chama.