Kitambaa cha baridi katika mji wa joto

Mazungumzo tuliyotoa mbele ya wanachama, komini ya Kabondo, Kisangani

 

Mumeona ile mizigo mitatu ya kitambaa cheupe iliyofika toka Ulaya. Tumeulizwa kama ni chandarua cha mbu. Mama mmoja alisema ni cha harusi, na kwa kweli kingependeza. Lakini barua iliyokuja nacho inasema: «kwa kulinda koleusi zenu na baridi». Koleusi ndiyo ile maua yetu ya majani ya rangi, nyekundu, manjano, zambarau, ambayo pepinyeri yetu inauzisha kwenye sashe ndogo. Wengine walicheka. Tunaomba tusicheke haraka, juu wafadhili wanauliza pia kama mwaka ujao waongeze kitambaa kingine, na pesa ya pepinyeri ndiyo inajaza kasha letu la msaada. Mtu akilazwa ao akifiwa, tunafungua kasha hilo.

Wale waliorudi toka Johannesburg wanajua kitu tunachosema. Kule mwezi wa 6 na wa 7, asubuhi unakuta majani ya chini yamekuwa meupe kama yamemwagiwa chumvi. Ni umande ulioganda. Wandugu wa Tanzania wanauita jalidi, na kule Makete na Njombe wanaujua vizuri. Unakuja usiku usio na mawingu wala upepo. Udongo unapoteza joto lake lote juu angani, na hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, inateremka na kulala bondeni. Mwezi wa 1 mwaka 2012 jalidi iliunguza mashamba ya chai huko Kenya, nchi ambayo Ikweta inapita ndani yake kama inavyopita kwetu. Kwa hiyo si Ikweta inayotulinda. Ni kuwa chini.

Kila ukipanda mlima meta 1,000, joto linapungua karibu digri 6. Kisangani tuko kwenye meta 400 hivi. Butembo iko juu zaidi ya meta 1,700. Waliotoka kule wanakumbuka makoti ya asubuhi. Hapa usiku wetu unashuka karibu na digri 20, basi. Koleusi asili yake ni nchi za joto za Asia, Java na jirani zake, na haina kinga yoyote ya baridi. Chini ya digri 10 inaanza kuumia: haikui, majani yanaanguka. Ikifika sifuri, maji yaliyo ndani ya majani yanaganda na kupasua nyama yake. Jua likitoka, mmea mzima ni mweusi na mlegevu kama sombe iliyochemshwa. Haurudi tena.

Ndiyo maana kule wanafunika. Kitambaa hiki kinawekwa jioni, kabla joto la udongo halijatoroka, na kinafika mpaka chini pande zote. Udongo unamwagiwa maji mchana, juu udongo wenye maji unashika joto kuliko mkavu. Asubuhi kinaondolewa. Kinaongeza digri 2 ao 4 tu. Baridi ikizidi hapo, hakiokoi kitu. Ni kuingiza vyungu nyumbani.

Sasa sisi tufanye nini nacho? Hapa kinachoua koleusi ni jua la mwezi wa 1 na wa 2 wakati mvua inapungua, na mvua nzito inayochimba sashe na kuozesha mizizi. Ukikitandaza juu ya mimea mchana kama barua inavyosema, utaipika. Lakini ukikifunga juu ya miti, urefu wa mtu na mkono wake, pande zote wazi ili upepo upite, kinapunguza ukali wa jua na kuvunja matone makubwa. Mzigo mmoja utatosha kwa vitalu vya vipandikizi.

Miwili inayobaki tunaomba iende kwa wamama wa lenga-lenga. Wadudu wanaozaa wale viwavi wanaokunja majani wanaruka usiku. Tandika jioni, bana pembeni kwa udongo, ondoa asubuhi: kazi ileile ya Ulaya, adui tofauti. Tunaona hapo ndipo kitambaa hiki kitaleta pesa kuliko kwenye maua. Hakitadumu lakini. Jua letu litakila. Tusikitegemee miaka mingi.

Kwa wafadhili tunasema wazi, na kwa heshima: musinunue kingine. Kivuli tunacho bure, matawi ya ngazi. Kitu kinachokosa ni maji. Mwezi wa 1 vijana wanabeba bidoni kwenye toleka toka mbali, na kila safari inalipwa. Tanki moja na mifereji ya bati vingeokoa mimea mingi kuliko kitambaa cha kufunika mji mzima.

Kuna pia swali la ndugu mmoja wa Liège, mwana wa hapa Kabondo. Mama yake alikufa wakati yeye yuko mbali, na kwenye uwanja wa mama koleusi bado iko. Anataka kipande, si cha kununua dukani kule, cha pale pale. Tumemuelewa. Lakini yeyote anayesafiri asikifiche ndani ya valizi. Toka tarehe 14 mwezi wa 12 mwaka 2019, mmea unaoingia nchi za Umoja wa Ulaya unahitaji cheti cha afya ya mimea. Wameachilia matunda matano tu: ndizi, nanasi, nazi, tende na duriani. Kisipokuwa na cheti, wanakichukua na kukiharibu, na kwake itakuwa kama msiba wa pili. Tutaulizia njia ya cheti. Kikifika salama: kipande cha urefu wa kidole, toa majani ya chini, weka kwenye glasi ya maji karibu na dirisha, wiki moja ao mbili kina mizizi. Na kila mwaka, kabla baridi haijafika, akate vipande vingine aviweke ndani. Wakati huo tunatunza wa hapa, na tumeshapanda watoto wake watatu kwenye pepinyeri.

Siku ya posho tunasimamisha miti, saa moja asubuhi. Wapapa wa avenue ya chini walete mianzi, kamba tunayo. Maswali?