Waya Kwanza, Breka Baadaye



Ukienda duka la vifaa vya umeme Kariakoo ukaomba breka, muuzaji atakuuliza ni ya nini. Utamjibu ni ya hita ya kuogea, au ya jiko, naye atakupa. Jioni hii nataka kuwashawishi kwamba swali la kwanza lilipaswa kuwa: ukutani umepita waya wa ngapi? Breka huwekwa kwa ajili ya waya. Vifaa vingi huja na ulinzi wake wa ndani, lakini waya uliokwisha kupigwa plasta hauna mlinzi mwingine.

Chukueni nyumba ya kawaida. Soketi zimevutiwa waya wa mbili na nusu, yaani milimita mraba 2.5, na breka ni ya ampea 20. Kazi nzuri kabisa. Mwenye nyumba ananunua hita ya kuogea ya kilowati 5.5, na fundi anaichomeka kwenye laini ileile ya soketi. Kwa volti 230, hita hiyo inavuta ampea 24 hivi. Watu wanaoga, breka haikati, kila mtu ameridhika. Asubuhi moja mtu anaoga huku jikoni birika la umeme la kilowati 2 linachemka. Sasa laini inabeba karibu ampea 33, na baada ya muda mfupi breka inakata. Ikirudishwa, inakata tena. Fundi anaitwa, anasema breka imechoka, anaweka ya ampea 32. Tatizo linaisha siku hiyohiyo, na fundi analipwa kwa shukrani.

Breka ile haikuwa imechoka hata kidogo. Ukiipasua utakuta ndani mna njia mbili za kukata. Ya kwanza ni kibamba cha metali mbili zilizoshikanishwa, ambazo hazitanuki sawasawa zikipata moto. Mkondo ukizidi, kibamba hupinda polepole mpaka kinafyatua kitasa. Ya pili ni koili yenye chuma katikati: shoti ikipiga, sumaku huvuta papo hapo. Muundo huu ulitoka Mannheim, Ujerumani, katika kampuni ya Hugo Stotz, miaka ya 1920, na bado ndio tunaoutumia.

Kibamba hicho kimetengenezwa kiwe na subira. Kwa kiwango cha kimataifa cha breka za majumbani, mkondo ukiwa mara 1.13 ya namba iliyoandikwa, breka haitakiwi kukata ndani ya saa nzima. Ukifika mara 1.45, lazima ikate kabla saa haijaisha. Ndiyo maana hita peke yake ilipita. Fanyeni hesabu ya breka mpya: ampea 32 mara 1.13 ni 36. Hita na birika sasa vinaweza kuwaka pamoja bila breka kushtuka, ndani ya waya uleule. Na joto la waya hukua kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo kutoka 20 hadi 32 ni kuuongezea waya joto mara mbili na nusu.

Waya huo unastahimili kiasi gani? Majedwali ya Kiingereza tunayofundishia huupa waya wa 2.5, ukipita kwenye paipu ukutani, ampea 24. Lakini majedwali hayo yamekokotolewa kwa hewa ya nyuzi 30. Waya zetu nyingi hupita juu ya dari, chini ya mabati. Hewa ya hapo ikifika nyuzi 45, zile 24 zinashuka hadi 19. Hili linanisumbua kuliko yote nitakayosema leo, kwa sababu mafundi wetu wengi wanaijua namba ya jedwali, na wachache wamewahi kuambiwa habari ya dari. Kwa hita ile dawa ilikuwa kuivutia laini yake yenyewe ya waya wa sita kutoka kwenye boksi, ndipo breka ya 32 iwe halali. Waya wa sita, hata kwenye joto hilo la dari, hubaki na ampea 32.

Plagi zetu za pini tatu bapa nazo tulizirithi Uingereza, ambako kiwango chake kilitoka mwaka 1947, wakati shaba ilikuwa adimu baada ya vita. Fyuzi iliyomo ndani inalinda ule waya mwembamba wa kifaa, ambao breka ya ukutani haiwezi kuulinda. Waya wa redio au wa taa ya mezani unataka fyuzi ya ampea 3. Tukiuwekea ya 13 kwa kuwa ndiyo iliyojaa madukani, tumeuacha wazi. Tukizungushia karatasi ya sigara, hakuna fyuzi tena.

Wanafunzi wangu, umbali nao mnausahau. Mkivuta waya wa moja na nusu mita 60 hadi banda la uani, shaba peke yake, kwenda na kurudi, ina omu 1.45. Shoti ikitokea huko haitafikisha hata ampea 160, na breka ya 20 ya aina C inaweza kudai 200 ndipo sumaku yake ivute.

Nina ombi moja kwa mamlaka zinazotoa leseni za mafundi. Kwenye mlango wa boksi leo tunaandika "jikoni", "bafuni", "taa". Iwe sharti kuandika pia ukubwa wa waya na breka kubwa kabisa inayoruhusiwa kwenye laini hiyo. Fundi atakayeitwa miaka 10 baadaye hataiona kazi iliyofichwa na plasta, ila mlango ataufungua.