Mapato Yetu na Bima ya Afya



Kila mwaka chama chetu huchangia gharama za hospitali, na wengi wa wanaochangiwa ni wasio na bima ya afya. Wako wasemao kwamba watu hao ni wazembe. Sisi wa halmashauri twaona si haki kusema hivyo, nasi twaomba kueleza sababu.

Bima ya serikali ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 1966, ilikusudiwa watu wa mshahara, wapatao shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi. Wasio na mshahara walifunguliwa mlango mwaka 1972, waingie kwa hiari. Basi tangu mwanzo kanzu hii ilikatwa kwa kipimo cha karani, si cha mvuvi wala mchuuzi. Hata mwaka 2022, uchunguzi wa afya wa taifa ulionyesha kwamba yapata mtu 1 tu katika kila 4 alikuwa na bima, nao wenye mali na elimu walikuwa nayo kuliko maskini.

Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua mahali pa hazina ile ya kale. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kabla fedha hazijamfikia. Asiye na mshahara hupimwa hali ya nyumba yake, naye huwekewa mchango wa mwaka mzima usiopungua shilingi 3,600. Muuza samaki aweza kupata shilingi 400 leo, na kesho asipate kitu. Fedha zake huja kidogo kidogo, bali bima yamdai kwa fungu. Akiugua, huuza mbuzi, kisha kiwanja. Na ugonjwa wa mtu mmoja huirudisha nyuma nyumba nzima.

Kwa hiyo twashauri tuchange kabla ya maradhi, si baada yake. Kwanza, kila mmoja ajiandikishe, maana kujiandikisha hakuna ada. Pili, mwanachama asiye na mshahara aweke shilingi 10 kila siku kwa mweka hazina. Katika siku 365 zitatimia 3,650. Aliyepimiwa zaidi na aongeze kwa kadiri yake. Ndipo mfuko wetu wa msaada utakapowatosha wajane na wasiojiweza kabisa.

Haba na haba hujaza kibaba.