Msaada wenye siku inayojulikana



Munivumilie nianzie mbali, Ethiopia, inchi ya ukame. Kule, kwa miaka mingi, kazi ilikuwa hivi: mvua inakosa, serikali inaomba, ngano ya msaada inafika wakati watu wamekwisha kuuza ng'ombe. Mwaka 2003 waliohitaji chakula walipita milioni 12. Wengi walipona, ni kweli. Lakini mkulima aliyeuza ng'ombe wake wa kulimia alibaki na nini? Ukame mwingine ulimkuta maskini kuliko mbele.

Mwaka 2005 serikali na wafadhili wakaanzisha mpango unaoitwa PSNP. Mtu ambaye kila mwaka anakosa chakula, ajue mapema kwamba miezi fulani atapata kitu, na mwaka kesho tena. Wenyeji wenyewe wanasaidia kuchagua nani aandikwe. Wenye nguvu wanafanya kazi siku 5 kwa mwezi kwa kila mtu wa nyumba, muda wa miezi 6: matuta ya mawe milimani, mabwawa, miti, barabara. Mzee na mgonjwa wanapewa bila kazi.

Si kwamba yote yalikwenda sawa. Mwaka 2008 bei za chakula zilipanda sana, watu wakapenda nafaka kuliko pesa. Na malipo yakichelewa, mbuzi inauzwa tu, sawa na zamani. Kilo ni zile zile, lakini zikifika nyuma ya mbuzi kuuzwa, hazina kazi ile ile.

Kwetu, mvua iko. Lakini aliyerudi toka kambi za Tanzania anajua njaa ya kungojea mavuno ya kwanza: mgao wa kurudia umeisha, muhogo haujakomaa, na maharagwe ya mbegu yanaingia chunguni. Sasa sanduku letu la mutualite tunalifungua mwezi wa 12. Kwa sababu gani? Sikukuu, najua! Lakini mbegu inatakiwa mwezi wa 8, mbele ya mvua ya Septemba.

Naomba kamati iweke siku moja, iandikwe ukutani, hata fungu likiwa dogo. Na nyinyi wafadhili, kuliko kutupa nyingi mara moja, mutuahidi kidogo kwa miaka 3, tarehe ikijulikana.

Mama mtunza sanduku atatusomea hesabu, halafu tuamue leo leo.