Jina Lililo Kwenye Cheti: Bei ya Dawa na Kilio cha Wananchi



Mwaliko ulinitaka nianze na fasili. Dawa muhimu, bei elekezi, uchangiaji: ukumbi umejaa watu wanaozijua, nami nina dakika kumi na tano. Nikumbushe tu kwamba uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza mwaka 1993, mwaka uleule ilipoundwa Bohari ya Dawa, na tangu 2023 tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Wananchi wanasema serikali ipange bei ya dawa. Machi 2024, kitita kipya cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kilipoanza na baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha huduma kwa wanachama, kilio hicho kilipanda zaidi. Sikipingi. Ila bei ikipangwa huku cheti cha dawa anachoandika daktari kikibaki kilivyo, nafuu itaishia njiani.

Haya ni maoni yangu, si ya mwajiri.

Nimekaa kwenye dirisha la dawa miaka kumi na mmoja. Siku moja mzee wa presha, mwenye msamaha wa wazee, aliambiwa dawa imekwisha, akanunue nje. Saa nane mchana akarudi na vidonge vinane kwenye bahasha ya kaki. Cheti kilisema thelathini. "Mwanangu, elfu kumi imeishia hapo." Daktari alikuwa ameandika jina la kampuni. Dawa yenyewe ni amlodipini, na amlodipini isiyo na jina kubwa ilikuwepo dukani humohumo. Elfu kumi ingemvusha mwezi mzima na nauli ikabaki. Muuzaji hakumdanganya. Aliuza kilichoandikwa.

Nilipomweleza, mzee akatikisa kichwa: ya bei rahisi ni ya Kihindi, haifanyi kazi. (Aliyonunua nayo ilitoka India, nilimwonyesha maandishi kwenye pakiti.) Asubuhi ileile alikuwa kwenye benchi akiwaambia wenzake bei zishushwe. Simcheki. Nani alishawahi kumfafanulia?

Mwongozo wetu wa matibabu unataka daktari aandike jina la asili la dawa, yaani la dawa yenyewe, si la kampuni. Nimepeleka dokezo kuhusu hilo mara nne. Limepokelewa, linafanyiwa kazi. Sitaongeza neno hapo.

Afrika Kusini, walipoanza bei moja ya kiwandani mwaka 2004, tayari sheria yao ilimtaka mfamasia amjulishe mgonjwa dawa mbadala ya bei nafuu na ampe hiyo, asipokataa mwenyewe. Sisi tunabishania bei tu.

Napendekeza jina la asili kwenye kila cheti. Sheria itamke wazi kwamba mfamasia anaweza kubadilisha bila kumsaka daktari kwa simu. Bei zibandikwe ukutani, kwa maandishi ambayo mzee asiye na miwani atayasoma. Vyuo vya afya vifundishe uandishi wa cheti kabla mazoea hayajakomaa. Mgonjwa aelezwe dirishani, na hilo linahitaji watumishi wawili, si mmoja. Na, mnisamehe kurudia, jina la asili kwenye kila cheti, hata cha daktari bingwa. Bei elekezi ifuate baada ya hapo.

Nakala ya cheti cha yule mzee ninayo, jina lake nimelifuta. Nitaipitisha wakati wa chai.