Mhudumu Anayeishi Jirani na Mgonjwa: Afya ya Akili ya Watoa Huduma za Dharura Wakati wa Milipuko, Lushoto na Milima ya Usambara



Milipuko ya magonjwa si jambo geni katika milima hii. Tauni ilizuka wilayani Lushoto Aprili 1980, ikawa inarudi msimu baada ya msimu kwa zaidi ya miaka ishirini. Watu zaidi ya 7,000 waliugua, na katika kila wagonjwa mia, takriban wanane walifariki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao kutoka nje walipanda huku, wakatega panya, wakahesabu viroboto, wakauliza nani analala sakafuni na nani kitandani. Kazi ile ilikuwa ya thamani kubwa. Hata hivyo, katika maandishi niliyoyasoma kuhusu tauni ya Lushoto sijakuta ukurasa unaoeleza hali ya muuguzi wa zahanati aliyepokea watoto wenye mitoki msimu wa kwanza, wa tano, na wa kumi. Wala sijakuta habari za bwana afya aliyenyunyiza dawa ya viroboto nyumba kwa nyumba, akirudi jioni kulala katika kijiji kilekile.

Hoja yangu ni hii: mtoa huduma za dharura katika Usambara ni jirani, mkwe, shangazi au muumini mwenza wa mgonjwa, ilhali mipango yetu inamchukulia kama mtu aliyekuja kwa gari la mkoa na atakayeondoka nalo. Timu inayotoka mbali huhemewa ikiwa kazini, kisha hurudi nyumbani ikapumzika. Mhudumu wa kijiji kama Rangwi au Mtae hana pa kurudi ambapo mlipuko haupo. Nyumba aliyoingia jana kumchukua mgonjwa ndiyo anayopita kesho akienda gulioni. Mama aliyemzuia asiuoshe mwili wa mwanawe atakutana naye kisimani kwa miaka thelathini ijayo.

Tuwataje watu wenyewe, maana tukisema "watumishi wa mstari wa mbele" mawazo huenda kwa daktari mwenye vazi kinga. Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kilomita 33 za kona, na kutoka mjini hadi vijiji vya ukingoni ni saa nyingine za barabara ya vumbi au tope. Kwa hiyo wa kwanza kufika kwa mgonjwa mara nyingi ni kijana wa bodaboda. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, unaotumia namba 115 bila malipo, umewatambua rasmi madereva wa jamii kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga. Ni hatua ya kupongezwa. Siku ya mlipuko ni madereva haohao watakaobeba mtu anayetapika damu au anayeshindwa kupumua, na hakuna atakayewauliza walilalaje. Pamoja nao wapo wachimba kaburi, waosha maiti wa misikitini, wazee wa kanisa wanaoombwa wafupishe ibada ya mazishi, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayefuatilia waliotangamana na mgonjwa. Huyu wa mwisho ana mzigo wa pekee, kwa sababu wanakijiji humwona kama aliyewachongea.

UVIKO-19 uliongeza jeraha la aina nyingine. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Takwimu za mwisho za kipindi hicho zilionyesha wagonjwa 509 na vifo 21, kisha utoaji wa takwimu ukasimama hadi katikati ya 2021. Mapema mwaka huo wa 2021 tulizika watu waliosemekana walipata "changamoto ya upumuaji". Machi 2021 Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, alisema mapadre zaidi ya 25 na masista 60 walikuwa wamefariki katika miezi miwili. Chanjo ilizinduliwa Julai 28, 2021. Sitaki kurudia mjadala wa siasa za wakati ule. Ninachotaka tuone ni hali ya muuguzi aliyeshuhudia wagonjwa wakikata pumzi, asiwe na jina la kuyaita aliyoyaona, wala hesabu ya kuyaweka humo. Mtu hupona msiba kwa kuusimulia na kuusikia ukitambuliwa na wengine. Msiba usiosemwa hauishi, hubaki mwilini.

Na mwilini ndipo tuutafute. Wengi wetu hatusemi "nina sonona". Tunasema kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, usingizi umekata, tumbo linachoma. Mhudumu aliyeelemewa hununua dawa za vidonda vya tumbo duka la dawa mwaka mzima, na anapokea vipimo safi vinavyomvunja moyo zaidi. Mwingine anakuwa mkali kwa wagonjwa, au anaanza kunywa, au anaomba zamu za ziada kwa sababu akikaa nyumbani picha zinamjia. Mganga mfawidhi akiona hivyo huandika barua ya onyo. Ningeomba kabla ya barua atangulize swali.

Yupo kiongozi mmoja wa Afrika Mashariki ambaye mfano wake nautaja kila ninapopata nafasi. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia Gulu, kaskazini mwa Uganda, Hospitali ya Mtakatifu Maria Lacor ilipoteza wahudumu wake zaidi ya kumi. Mwishoni mwa Novemba, baada ya vifo vya wauguzi kufuatana, wafanyakazi walikusanyika kwa hofu na hasira, wakitaka kuacha. Dk. Matthew Lukwiya, aliyekuwa akiiongoza hospitali, hakuwatishia kazi wala kuwahubiria uzalendo. Alikaa nao kwa saa nyingi, akawasikiliza, akawaambia anayetaka kuondoka yuko huru, ila yeye atabaki. Wengi walibaki. Yeye mwenyewe aliambukizwa, akafariki Desemba 5. Tunamkumbuka kwa ujasiri, na ni haki. Mimi namkumbuka zaidi kwa mkutano ule, kwa sababu aliruhusu hofu isemwe hadharani mbele ya mkubwa wa kazi bila mtu kuadhibiwa. Kwetu, hata Marburg ilipotangazwa Kagera Machi 21, 2023, miongoni mwa waliofariki alikuwemo mtumishi wa afya. Basi hofu ya mhudumu ni hesabu sahihi ya hatari, na kumwita mwoga ni kumdhulumu.

Mtu ataniambia milima yetu haina wataalamu. Ni kweli kwamba ni wachache, lakini historia yetu ni tajiri kuliko tunavyoikumbuka. Lutindi, upande wa Korogwe wa Usambara, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1905 ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika Mashariki. Hadi leo iko chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na wagonjwa wake hufanya kazi za mikono na za shamba la chai kama sehemu ya tiba. Tatizo ni unyanyapaa. Muuguzi akionekana Lutindi, kijiji kizima kitajua kesho yake. Ndiyo maana napendekeza Lutindi imfuate yeye: mtaalamu apande kwenye vituo vya afya kwa ratiba inayojulikana, akutane na watumishi wote, ili pasiwe na wa kunyooshewa kidole.

Kuhusu namna ya kusaidia, tuwe waangalifu. Shirika la Afya Duniani linashauri tusiwalazimishe watu kusimulia upya tukio mara tu baada ya kulipitia, kwa sababu haisaidii na huweza kudhuru. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia ni nyepesi zaidi: kuangalia nani ana shida, kumsikiliza bila kumchokonoa, kumuunganisha na anachohitaji. Mtu wa kawaida hujifunza haya kwa muda mfupi. Nchini Zimbabwe, tangu 2006, Dk. Dixon Chibanda amewafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na kuongea na watu wenye msongo, na mpango huo umefika hata Zanzibar. Hapa Usambara bibi wenye hekima hawajaisha.

Kuna jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni posho. Mhudumu aliyekaa karantini siku 21, shamba lake la viazi likaharibika, kisha posho ikachelewa miezi minane, hatatulizwa na mshauri nasaha yeyote. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tunaokaa ofisini tujihadhari na wepesi huo wa kubeba kwa mdomo. Malipo kwa wakati, zamu zenye kikomo, vifaa kinga vya kutosha na mtu wa kumpokea zamu ni tiba ya akili kabla ya tiba nyingine zote.

Serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 nchini. Hawa ndio watakaobisha hodi milangoni mlipuko ujao ukija. Mafunzo yao yawe na sehemu ya kujitunza wenyewe na kutunzana, ifundishwe kwa vitendo.

Kwa hiyo ninaziomba halmashauri za Lushoto, Bumbuli na Korogwe mambo haya yaingie kwenye mipango ya afya ya mwaka wa fedha ujao, yakiwa na kifungu chake cha bajeti: ziara za mtaalamu wa afya ya akili kila robo mwaka, fedha za dharura za posho zilizotengwa kabla mlipuko haujaja, na orodha ya madereva wa bodaboda, wachimba kaburi na waosha maiti wa kila kata, ili nao wafuatiliwe miezi sita baada ya mlipuko kutangazwa kwisha. Orodha hiyo inaweza kuanza kuandikwa leo mchana, tukiwa bado tumekaa pamoja kwa kata zetu katika semina hii.