Rangi ya Mbao na Namna ya Kuipunguza Isikoze



Leo twataka kuzungumza nanyi khabari ya rangi ya mbao, namna ya kuifanya isikoze mno. Twasema juu ya rangi nyepesi inywewayo na ubao, iachayo mistari ya mti ionekane. Hatusemi juu ya rangi nzito ya kufunika.

Huenda wengine wakadhani kuwa jambo hili lawahusu maseremala tu. Sivyo. Katika milima yetu ya Uluguru ndimo yatokamo maji ya mto Ruvu, yanywewayo hata Dar es Salaam, na misitu ndiyo iyatunzayo. Mwaka 2008 misitu hiyo ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Basi kila atakaye meza akitaka mvule au mkangazi tu, msitu utapona wapi? Yafaa tutumie miti ya kupandwa, kama msindano, ambao wengine huuita paina. Mbao zake ni nyeupe, nazo zafaa sana kwa meza na makabati. Lakini wako wanunuzi wazikataao, kwa kuwa wameziona zimepakwa rangi zikatoka madoa kama ngozi ya chui. Kosa si la mti, ni la mkono.

Sababu ya madoa ni hii. Ubao wa msindano una mahali laini na mahali pagumu. Palipo laini hunywa rangi nyingi, palipo pagumu hunywa kidogo. Na ncha zake, palipokatwa kwa msumeno, hunywa kupita pote, kama utambi unywavyo mafuta.

Basi kwanza, piga msasa kwa kufuata mistari ya mti, ukianza na ule wa kukwaruza na kumaliza na ulio laini. Kadiri ubao ulivyo laini, ndivyo unywavyo kidogo. Ncha zizidishiwe msasa.

Pili, zimua rangi. Rangi ya maji huzimuliwa kwa maji, ya mafuta kwa tarpentini, na ya spiriti kwa spiriti. Usitie rangi nyeupe ukidhani utaifanya hafifu. Hiyo hufunika mistari, na ubao huonekana kama uliopakwa chokaa. Pima kwa kijiko: kimoja cha rangi kwa kimoja cha kuzimulia. Ikiwa bado imekoza, ongeza cha kuzimulia kijiko kimoja kimoja, na kila mara andika hesabu.

Tatu, jaribu kwanza juu ya kipande cha ubao ule ule, kilichopigwa msasa ule ule. Paka, ngoja kidogo, futa kwa kitambaa, kisha acha kikauke. Halafu kipake vanishi, maana vanishi huzidisha kukoza. Kitazame mchana nje, si mbele ya taa. Kikikupendeza, ndipo uiguse meza.

Wako pia mafundi watangulizao mkono mmoja wa vanishi iliyozimuliwa sana, ili mahali laini pasinywe kupita kiasi. Hii nayo ni njia njema.

Na ikiwa rangi imekwisha kukoza? Ikiwa mbichi, futa upesi kwa kitambaa chenye kitu kile kile cha kuzimulia. Ikiwa imekauka, tumia randa na msasa. Maji yakimwagika hayazoleki. Kuongeza weusi ni kazi ya dakika moja, kuuondoa ni kazi ya siku nzima. Kwa hiyo anza na hafifu. Mkono wa pili waweza kuuongeza wakati wo wote.

Jihadharini pia na vitambaa vyenye rangi ya mafuta. Vikikunjwa na kurundikwa huweza kupata joto na kuwaka vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke.

Neno la mwisho ni uaminifu. Mninga una wekundu wake wa asili, na rangi hafifu haiwezi kuufanya mweupe. Wala msindano uliopakwa wekundu haujawa mninga. Fundi amwambie mnunuzi jina la mti wenyewe.

Enyi walimu, waonyesheni vijana vipande vya kujaribia, kila kimoja na hesabu yake. Nanyi wazee, msiudharau ubao mweupe. Ukipata mkono wenye subira, utapamba nyumba zenu, na mvule utabaki mlimani.